Bathdei Bila Mashahidi

Jomo Kenyatta hakujua alizaliwa lini. Wengi hukisia miaka ya 1890, lakini hakuna tarehe moja iliyowahi kukubalika. Alipofariki Agosti 22, 1978, nchi nzima ilijua siku aliyokufa bila kujua ameishi miaka mingapi.

Mimi tarehe yangu naijua. Iko kwenye cheti, kwenye kitambulisho, kwenye pasipoti na kwenye makaratasi yote ya kuishi hapa Manchester. Februari iliyopita nilitimiza miaka 27, bathdei yangu ya tatu nikiwa huku. Kadiri ninavyokaa ndivyo ninavyoona kuwa Mzee hakukosa kitu kikubwa sana. Alikosa tarehe tu, na tarehe si bathdei.

Wazee wetu hawakukosa kumbukumbu za kuzaliwa. Walizihifadhi kwingine. Otieno alizaliwa usiku, Akinyi asubuhi, Okoth mvua ikinyesha. Chebet alizaliwa mchana. Kwa Wakikuyu, umri ulipimwa kwa rika, yaani wale uliotahiriwa nao, na rika likapewa jina la tukio la mwaka huo. Ukitaka kujua umri wa mtu, unauliza nani alikuwepo.

Kisha ikaja serikali ya mkoloni na kipande. Kuanzia miaka ya 1920, kila mwanaume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kuwa nacho. Sasa mtu ambaye hakuandikwa popote alijuaje amefika 16? Umri ulikadiriwa tu. Ukimtazama mtu usoni na kifuani, unampa mwaka, anaondoka nao.

Shosho yangu ni wa kizazi hicho cha kukadiriwa. Kitambulisho chake kina mwaka tu, 1943. Yeye husema alizaliwa wakati wa njaa ya muhogo, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, na hiyo inamtosha. Hajawahi kukata keki. Lakini bathdei za wajukuu wake wote anazo kichwani, kila moja na hadithi yake.

Turudi kwa Kenyatta. Mei 1931 alipanda meli kwenda Uingereza kwa mara ya pili, na hakurudi hadi Septemba 1946. Mwanawe Peter Muigai alikuwa na miaka 10 baba akiondoka, na 25 baba akirudi. Margaret Wambui, aliyezaliwa 1928, alibaki mtoto mdogo na kumpokea akiwa msichana mkubwa. Piga hesabu ya bathdei alizokosa. Na huko Uingereza alizaliwa mwana mwingine, Peter Magana, mwaka wa 1944. Mzee alipopanda meli kurudi nyumbani, huyo naye aliachwa na mama yake, bado mdogo. Vitabu vya shule hutuambia alikuwa kule kupigania ardhi na kusoma, na ni kweli. Havituambii kwamba kila alipokuwa, kuna mtoto wake aliyekuwa akikua upande wa pili wa bahari.

Miaka 13 baada ya kurudi kwake, vijana wakaanza kutoka kwa wingi. Septemba 1959, ndege iliyopangwa na Tom Mboya na marafiki zake Wamarekani ilibeba wanafunzi 81 hadi New York. Kufikia 1963, karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepitia mpango huo. Mmoja wao alikuwa Wangari Maathai, mzaliwa wa Aprili 1, 1940, aliyeenda chuo cha watawa mjini Atchison, Kansas, mwaka wa 1960. Alirudi Kenya 1966. Kuanzia 21 hadi 25, miaka yake yote aliitimizia ugenini, wakati ambapo habari za nyumbani zilikuja kwa barua. Ile karatasi nyembamba ya samawati, unaandika hadi pembeni kabisa kisha unaikunja inakuwa bahasha yenyewe. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa 1970 tu.

Lakini bathdei kubwa waliyoikosa haikuwa yao. Saa sita usiku ya kuamkia Desemba 12, 1963, bendera ya Uingereza ilishushwa Nairobi na ya Kenya ikapandishwa. Kansas ilikuwa saa tisa alasiri, bado Desemba 11. Taifa lilizaliwa na wale waliotumwa wakasome ili waje walijenge hawakuwepo. Huwa najiuliza, saa hiyo Mkenya aliyekuwa darasani au akiosha vyombo hotelini alimwambia nani?

Mimi sina shida ya barua. Nina WhatsApp, na mathe hangoji. Nairobi ikigonga saa sita usiku, huku ni saa tatu, bado ni jana, na simu inaanza kulia. Wananiimbia wote kwa mpigo, mtandao unakatika, sura ya binamu yangu inaganda mdomo wazi. Wananitumia picha ya keki waliyoila kwa niaba yangu. Kila kitu kipo isipokuwa ndoo ya maji. Si unajua wasee wetu, bathdei haijaiva hadi umwagiwe maji ukilowa chapachapa. Hakuna programu ya kukumwagia mtu maji.

Mwisho simu hupewa shosho, na yeye hunisimulia nilivyozaliwa. Ilikuwa Februari 1998, mvua za El Niño zimekula barabara, matatu ikakwama, mathe akatembezwa kwa matope hadi zahanati huku shosho amebeba viatu vyake mkononi. Nimeisikia mara nyingi hadi nadhani nilikuwa natazama.

Mara hii alianza vizuri. Mvua, matatu, matope. Kisha akasema waliokuwa wakimsukuma nyuma ni askari, na kwamba mtoto aliitwa jina la mama yangu. Mathe alinyamaza kule nyuma. Nami nilimwacha amalize, kwa sababu sauti ilikuwa ile ile.

Mashahidi wa siku ile ni watatu. Mmoja ni mathe, na mwenye uchungu huona vichache. Mkunga alishafariki. Wa tatu ni shosho. Akiondoka na hadithi, mimi nitabaki na Februari 17 na cheti, sawa na mtu yeyote aliyekadiriwa na karani.

Kwa hivyo nimemwomba binamu yangu aende Jumapili, awashe simu, amrekodi shosho akiongea. Si kuhusu mimi peke yangu. Amuulize kuhusu njaa ya muhogo, nani alikuwa amemshika, na kama kulikuwa na mvua.