Hitilafu ya Magurudumu katika Ndege Ndogo za Abiria (ukanda wa Masaba)

Hitilafu ya magurudumu ni hali ambapo miguu ya ndege inakataa kushuka, inashuka nusu, inashuka bila kujifunga, au inapoteza gurudumu wakati wa kuruka au kutua. Katika ndege za abiria za masafa mafupi ni dharura ya kutisha ambayo mara nyingi huisha bila kifo, mradi rubani ana mafuta, ana muda na ana uwanja unaofaa wa kwenda. Makala hii inaangalia hasa nchi inayouzunguka Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba, kuanzia Tororo na Busia hadi Kitale na Eldoret.

Viwanja

Tororo na Busia zina viwanja vidogo tu. Msafiri wa huko hupandia ndege Kisumu, Eldoret au Entebbe. Soroti kuna chuo cha urubani kilichoanzishwa mwaka 1971, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Tegemeo kubwa wakati wa dharura ni Eldoret, uwanja wa kimataifa uliofunguliwa mwaka 1997, wenye njia ya kurukia ya karibu kilomita 3.5 na kikosi cha zimamoto.

Mkasa wa Lodwar na Eldoret, 2019

Tarehe 28 Oktoba 2019 ndege aina ya Dash 8-300 ya kampuni ya Silverstone Air iliruka kutoka Lodwar, Turkana, kuelekea Nairobi. Ilipokuwa ikiondoka, gurudumu moja la mguu mkuu lilichomoka. Marubani waligeuzia Eldoret na kutua salama.

Uamuzi huo unastahili kusifiwa. Lodwar ilikuwa karibu, tena ni tambarare, lakini ndege iliyopungukiwa gurudumu inahitaji lami ndefu, magari ya zimamoto na wahudumu wa afya wanaoisubiri. Eldoret ina hayo yote. Kasoro yake ni mwinuko: uwanja uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kwa hiyo ndege hugusa ardhi ikiwa na kasi kubwa kuliko ambavyo ingekuwa pwani. Urefu wa njia hulipia kasoro hiyo.

Dash 8 hushusha miguu yake mikuu kutoka chini ya injini, kila mguu ukiwa na magurudumu mawili pacha. Likitoka moja, lililobaki hubeba mzigo wa mawili, na tairi inaweza kupasuka. Ndiyo maana katika hali ya namna hiyo rubani hutanguliza upande mzima, hushusha upande mbovu polepole kadiri mabawa yanavyomruhusu, na breki huzigusa kwa upole.

Siku 17 kabla ya mkasa huo, ndege nyingine ya Silverstone Air, Fokker 50, ilitoka nje ya njia wakati wa kuruka katika uwanja wa Wilson, Nairobi. Novemba mwaka huo Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ilisimamisha kwa muda safari za Dash 8 za kampuni hiyo.

Jinsi marubani wanavyoikabili

Dalili ya kwanza huwa ni taa. Kila mguu una taa yake ya kijani. Zikiwaka tatu, miguu yote imefungika. Ikikosekana moja, marubani huacha kutua, hupanda tena hadi kimo salama na kugawana kazi: mmoja anaendesha ndege, mwingine anasoma orodha ya dharura. Mgawanyo huu ulinunuliwa kwa damu. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, marubani wa ndege kubwa ya Eastern Air Lines karibu na Miami, Marekani, walishughulikia taa moja iliyoungua hadi hakuna aliyeona kwamba ndege inashuka. Watu 101 walikufa, na miguu yenyewe ilikuwa imeshuka sawasawa.

Kama haidroliki, yaani mfumo wa majimaji unaosukuma miguu, imegoma, ipo njia ya mkono. Katika Dash 8 rubani hufungua kifuniko kilicho kwenye dari ya chumba chake na kuvuta mpini. Makufuli hufunguka na miguu mikuu huanguka kwa uzito wake. Kifuniko kingine kiko sakafuni, chenye mpini wa mguu wa mbele na pampu ya kusukuma kwa mkono. Baada ya hapo ndege inaweza kupita chini karibu na mnara ili waongozaji waitazame kwa darubini, ingawa mguu ulioshuka si lazima uwe umefungika.

Ndege za aina hii kwa kawaida haziwezi kumwaga mafuta angani, hivyo huzunguka hadi yapungue. Wahudumu huwafundisha abiria kuinama, na walioketi sambamba na mapangaboi huhamishwa. Tahadhari hiyo ilionyesha thamani yake Aalborg, Denmark, tarehe 9 Septemba 2007: mguu wa kulia wa Dash 8-400 ya SAS ulikunjika, pangaboi likapiga lami na vipande vikapenya ndani ya ndege. Wote walitoka hai. Chanzo kilikuwa kutu katika nyuzi za skrubu kwenye chuma kinachoushika mguu. Siku tatu baadaye ajali kama hiyo ikatokea Vilnius, Oktoba ikatokea nyingine Copenhagen kwa sababu tofauti, na SAS ikaziacha kabisa ndege hizo.

Kumwaga povu kwenye njia ya kurukia, jambo lililozoeleka zamani, siku hizi halipendekezwi. Povu huhifadhiwa kwa ajili ya moto.

Kwingineko Afrika Mashariki

Tarehe 28 Novemba 2023 ndege mbili za Embraer 120 za Unity Air zilipata hitilafu za magurudumu siku moja katika kiwanja cha Kikoboga, Hifadhi ya Mikumi, Tanzania. Hakuna aliyekufa.

Ndege zisizokunja miguu

Cessna Caravan na Twin Otter zina miguu isiyokunjwa, ambayo haiwezi kukataa kushuka, na huo ni ubora mkubwa kwenye viwanja vya vumbi.

Hali ya sasa

Utengenezaji wa Dash 8-300 ulikoma mwaka 2009, kwa hiyo kila moja inayoruka katika ukanda huu imeshazeeka, na miguu yake hutegemea ukaguzi na vipuri vya kampuni inayoiendesha. Jambojet hutumia Dash 8-400 katika safari zake za Kisumu na Eldoret.