Kadi zenye matundu na sweta la mtoto

Asubuhi za Juni na Julai, watoto wa Itigi huvuka reli kwenda shule wakiwa wamevuta mikono ya sweta hadi ikafunika vidole. Mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe cha Singida hakina mchezo. Mgeni aliyezoea joto la Dar es Salaam hulijua hilo akishuka tu stesheni.

Sweta la shule tumelizoea mno hata hatuulizi limefumwaje. Mengi siku hizi hutoka viwandani. Lakini kwa miaka mingi, na hadi leo katika miji mingi ya Afrika Mashariki, sweta la mtoto limetoka kwenye mashine ya mkono iliyobanwa pembeni ya meza, sebuleni au barazani kwa fundi, bila waya wa umeme. Zile nzuri zaidi zilisoma maua kutoka kwenye kadi yenye matundu.

Mashine ya kwanza ya kufuma inatajwa kuwa kazi ya William Lee, Mwingereza wa Calverton karibu na Nottingham, mwaka 1589. Malkia Elizabeth I alimnyima hataza, na Lee akaishia kuhamia Ufaransa. Katikati ya karne ya 19 ikaja sindano yenye ulimi: ndoana ndogo ambayo ulimi wake hujifunga wenyewe kitanzi kikipita. Mwaka 1863 Mmarekani Isaac Lamb alipata hataza ya mashine iliyozipanga sindano hizo katika mstari ulionyooka, na mashine ya nyumbani ni mjukuu wa hiyo.

Kadi ilikuja kwa njia nyingine. Huko Lyon, Ufaransa, mwaka 1804, Joseph-Marie Jacquard aliunda mtambo wa kufumia hariri ulioongozwa na kadi zilizotobolewa: penye tundu uzi unainuliwa, pasipo na tundu unabaki chini. Wazo hilo halikuishia kwenye nguo. Herman Hollerith alitumia kadi za matundu kuhesabu sensa ya Marekani ya 1890, na kutoka hapo zikawa chakula cha kompyuta za mwanzo. Sisi Watanzania nasi tuliionja enzi hiyo. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na hesabu zake zilipokwenda mrama, serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini mwaka 1974.

Wakati huo Wajapani walikuwa wameshaipeleka kadi mezani kwa mama wa nyumbani. Kampuni ya Brother ya Nagoya, iliyoanza na cherehani, iliingia kwenye mashine za kufuma mwaka 1954, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaanza kuuza zinazosoma kadi. Silver Seiko nayo ilikuwa na zake, zilizouzwa Uingereza kwa jina la Knitmaster. Binafsi naona ajabu kwamba kadi ile ile iliyohesabu mamilioni ya watu iliweza pia kupanga maua kwenye kifua cha sweta, tena kwa nguvu ya mkono tu.

Tuisogelee mashine yenyewe. Mbele ya fundi zimelala sindano 200, kila moja katika njia yake. Juu yake kuna kigari kinachosukumwa kulia na kushoto, kikiteleza kama kiberenge cha mafundi wa reli. Nyuma imesimama kadi yenye upana wa vitanzi 24, ncha zake zimeunganishwa ikawa duara. Kigari kikipita mara moja, kadi husogea mstari mmoja. Penye tundu, sindano hufuma uzi wa rangi ya pili. Pasipo na tundu hufuma ule wa kwanza. Ua lililotobolewa mara moja hujirudia upande hadi upande. Fundi anayetaka ua dogo huchagua la vitanzi 12, nane, sita, vinne, vitatu au viwili, kwa sababu ni lazima 24 igawanyike bila baki. La vitanzi vitano litakatika njiani.

Sweta la shule lenyewe halikuidai kadi sana. Ni rangi moja, pengine na mistari miwili shingoni. Kadi ilionyesha uwezo wake kwenye seti za watoto wachanga, shali, na yale masweta yenye almasi kifuani ambayo watu wazima huvaa ibada ya alfajiri. Kodi ya chumba ililipwa na sare, lakini sifa ya fundi ilitoka kwenye kadi.

Na sare hazikukosa wateja. Azimio la Musoma la 1974 liliita kila mtoto darasani, na madarasa yakafurika. Mwaka 2016 ada ilipofutwa hadi kidato cha nne, sare ilibaki juu ya mzazi. Hapo ndipo sweta la fundi lina ubora ambao la dukani halina: linafumuliwa. Mtoto akikua, mshono hufunguliwa begani, uzi ukavutwa mstari kwa mstari na kuzungushwa donge, ukaoshwa unyooke, likafumwa la mdogo wake. Mengi ya kiwandani hukatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa kisha yakashonwa. Ukijaribu kuyafumua unabaki na vipande vya uzi visivyofaa kitu.

Miaka ya 1980 zilikuja mashine za kielektroniki, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Brother iliacha kabisa kutengeneza za nyumbani. Zile za kadi zinaendelea kufanya kazi, maana karibu kila kitu ndani yake ni chuma na plastiki, vinavyofunguka kwa bisibisi. Kinachozilaza ni kitu kidogo. Ndani ya mashine umepita upau mrefu uliobandikwa sponji nyembamba, unaokandamiza sindano zikae mahali pake. Miaka ikipita sponji husagika au hunata, sindano zikainuka, vitanzi vikaanguka, na mwenye mashine akadhani imekufa.

Ikiwa iko moja chini ya kitanda nyumbani kwenu, au kwa shangazi, usiiuze kwa wa vyuma chakavu. Chomoa upau ule kwa pembeni, kwangua sponji kuukuu, bandika mpya, futa mafuta yaliyoganda kwenye njia za sindano, kisha sukuma kigari taratibu. Na kadi zake usizitupe hata kama zimechakaa. Ziweke juu ya karatasi ngumu, chora matundu, utoboe nyingine.