Tarikhi ya Sauti katika Safari za Anga

Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, uko mbali na Dar es Salaam, na kwa muda mrefu mji wake wa Mpanda ulifahamika kwa madini ya risasi na reli itokayo Kaliua. Leo wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi hutua Ikuu kwa ndege ndogo, na wasafiri wa Mpanda hupanda ndege za pangaboi ambazo mvumo wake, mtu akiwa karibu, huwalazimu watumishi wa uwanjani kusemezana kwa ishara za mikono. Tarikhi ya usafiri wa anga imethibitisha, kwa gharama ya roho za watu, kwamba salama ya abiria hutegemea masikio ya watumishi sawasawa na itegemeavyo mashine.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipoanza kazi mwaka 1946, rubani aliketi katikati ya ngurumo za injini, na sauti ya redio ya masafa ya mbali ilimfikia imechanganyika na mikwaruzo ya radi, hata herufi na tarakimu zikawa rahisi kukosewa. Kwa sababu hiyo mataifa yakakubaliana, mwaka 1956, kutumia alfabeti ya Alfa, Bravo na Charlie, ambamo kila herufi hutajwa kwa neno lake. Na rubani akawajibika kuyarudia maagizo aliyopewa, ili mwongoza ndege apate kumsahihisha.

Hata hivyo kanuni peke yake haikutosha. Tarehe 3 Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ilipokuwa ikikaribia Nairobi iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500 juu ya usawa wa bahari, nao marubani wakafahamu kuwa ni futi 5,000, ilhali uwanja wenyewe umepita futi 5,300. Nahodha alipoiona ardhi akaipandisha ndege, imebakiza takriban futi 70 tu, na wote wakasalimika.

Waliokuwa katika uwanja wa ndege wa kisiwa cha Tenerife tarehe 27 Machi 1977 hawakujaliwa hivyo. Katika ukungu, jumbe mbili za redio zilitoka kwa wakati mmoja zikazibana, ndege mbili zikagongana, na watu 583 wakafariki. Tangu hapo marubani na waongoza ndege wakakatazwa kulitaja neno la kuruka redioni, isipokuwa idhini yenyewe inapotolewa au kufutwa.

Basi wakuu wa viwanja vyetu, Mpanda na kwingineko, wahakikishe kila mtumishi wa uwanjani ana kinga ya masikio, kwani makelele yanayozidi desibeli 85 kwa saa nane hudhuru masikio polepole. Na rubani kijana asiyesikia sawasawa aulize tena pasipo haya, wala mkubwa wake asimkaripie, maana kuuliza ni faradhi ya kazi hiyo.