Kutoka Msituni hadi Karakana

Kijana msomaji, ufikapo Ruring'u, Nyeri, ukumbuke Desemba 1963. Uwanjani hapo wapiganaji wa Mau Mau waliotoka msituni walikuja kuweka silaha chini. Uhuru ulikuwa umepatikana. Lakini wengi wao hawakuwa na shamba, wala cheti, wala kazi.

Mwaka 1964 serikali iliunda Huduma ya Vijana kwa Taifa, ili vijana wajifunze ufundi huku wakilijenga taifa. Watu wa Nyeri nao hawakukaa wakingoja. Mwaka 1972, kwa harambee, walianzisha chuo cha ufundi, wakakipa jina la Kimathi, aliyenyongwa mwaka 1957. Tangu 2012 ni chuo kikuu.

Basi jua haya: bendera hupandishwa siku moja, bali ajira hujengwa na kila kizazi, kwa ujuzi na kwa mchango wa wengi.