Damu ya Mshtakiwa

Msomaji, tuanze katika mtaa wa Ziwani, mashariki ya Nairobi, jirani ya Kariokor. Mtaa huu ulijengwa na baraza la mji katika enzi ya ukoloni uwe makao ya wafanyakazi wa Kiafrika. Nyumba zake zimekaribiana, na neno lisemwalo katika chumba kimoja husikika katika cha pili. Mahali kama hapo siri ya ugonjwa ni mali ya thamani. Basi fikiri: mwanamke akibakwa, na mtu akashtakiwa, je, serikali ina haki ya kuitoa damu ya mshtakiwa na kuitazama kama ina virusi vya Ukimwi?

Swali hili lina historia. Ukimwi ulitambuliwa Kenya mwaka 1984, na mwaka 1999 Rais Daniel arap Moi aliutangaza kuwa janga la taifa. Mwaka 2006 Bunge likapitisha sheria mbili. Ya kwanza, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ililetwa Bungeni na Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa. Kifungu chake cha 26 humwadhibu kwa kifungo kisichopungua miaka 15 mtu anayemwambukiza mwenziwe kwa kusudi, huku akijua hali yake. Na humpa hakimu uwezo wa kuamuru mshtakiwa wa kosa hilo apimwe. Ya pili, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi, ilikataza watu kulazimishwa kupimwa. Hata hivyo iliacha mlango mmoja wazi: mshtakiwa wa kosa la kujamiiana aweza kulazimishwa.

Wengi hudhani mlango huo uliachwa ili kumponya aliyedhulumiwa. Tulipime wazo hilo. Dawa za kuzuia maambukizi hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, nazo kesi huchukua miezi. Tena, mtu aliyeambukizwa karibuni aweza kupimwa na virusi visionekane. Na vikionekana, havithibitishi kwamba alitenda kosa. Kwa hiyo kipimo cha mshtakiwa chaweza kuwa ushahidi, lakini si tiba. Tiba imo katika kifungu cha 35 cha sheria ile ya kwanza, kiwezeshacho aliyedhulumiwa kutibiwa katika hospitali ya umma kwa gharama ya serikali.

Mshtakiwa naye si mkosaji mpaka ahukumiwe. Katiba ya mwaka 2010 humlindia heshima yake, faragha yake na haki ya kesi ya uadilifu. Mwaka 2015, huko Ukunda katika Kwale, wanaume wawili walioshtakiwa kwa kosa la kujamiiana waliamriwa kukaguliwa miili yao na kupimwa Ukimwi. Mahakama Kuu haikuona kosa. Lakini mwaka 2018 Mahakama ya Rufani, Mombasa, iliamua kwamba kuwakagua maungo yao ya siri kwa nguvu kulivunja Katiba.

Msomaji, sheria njema huwatazama watu wawili kwa pamoja. Jifunze hili ulifundishe nyumbani: aliyebakwa apelekwe hospitali kwanza, siku ile ile, wala asingojee damu ya mtu mwingine. Hakimu aweza kungoja, maradhi hayangoji.