Watoro wa Rabai

Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, unaiacha lami kuu pale Mazeras, unapanda taratibu katikati ya minazi hadi Rabai. Kanisa la Mtakatifu Paulo liko huko juu. Karibu yake kuna jengo la kanisa la kwanza, siku hizi makumbusho, na nyumba walizokaa wamishonari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann.

Wageni wengi hufuata majina hayo mawili. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka haujaisha akawa amezika mke na kitoto kichanga. Rebmann alimfuata 1846, wakahamia Rabai huku homa ikiwatafuna wote wawili. Ni kutoka hapa Rebmann alikwenda akauona Kilimanjaro, Mei 1848. Aliposema una theluji, wataalamu wa Ulaya walimbeza. Alikaa Rabai hadi 1875, macho yakiwa yameshapofuka.

Sifa hizo ni zao, lakini waumini waliowapata walihesabika kwa vidole. Arabai, wenyeji wa hapo, walikuwa na kaya zao na wazee wao, wala hawakuona haja ya kukimbilia dini ya wageni.

Walioijaza Rabai walikuwa watoro. Kuanzia miaka ya 1870 watumwa walichomoka katika mashamba ya pwani, wakajificha misheni, wakajenga, wakalima. Aliyewachunga kwa miaka mingi ni William Jones, Myao aliyeuzwa utotoni, akaokolewa baharini na kusomeshwa India. Mwaka 1885 alipewa ushemasi, na Julai hiyohiyo akaondoka Rabai na Askofu James Hannington kuelekea Uganda. Askofu aliuawa Busoga. Jones ndiye aliyewarudisha nyumbani wapagazi waliosalia, Februari 1886. Ajabu ni kwamba safari hiyo hukumbukwa kwa jina la askofu tu.

Kisha mabwana wakaja kudai watu wao. Mwaka 1888 kelele zilikuwa kubwa Mombasa, na George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza, IBEA, akaona biashara yake itaharibika kabla haijaanza. Akakubali kulipa fidia kwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika misheni za eneo hilo, Rabai ikiwemo. Fedha ilikwenda kwa mabwana. Watoro walipewa hati za uhuru mwanzoni mwa 1889, bila ujira wa miaka waliyolima, na wengine wakarudi kwenye mashamba waliyokwisha kuyafyeka hapo Rabai.