Dawa ya Ng'ambo

Zamani sisi wa Kilindoni, kisiwani Mafia, tulimtibu mlevi kwa kombe. Mwalimu wa chuoni aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaisuuza kwa maji, mgonjwa akayanywa. Asipotulia alipelekwa shamba akafue nazi, mbali na wagema. Wapo waliotulia kweli, nawajua.

Ila unga, yaani heroini, haukuwa ugonjwa wetu. Uliingia Dar es Salaam na Unguja miaka ya 1980, ukavutwa, baadaye ukachomwa kwa sindano. Kwetu ulikuja na vijana waliokwenda mjini kutafuta maisha.

Mpwa wangu alirudi nao mwaka 2012. Kombe alikunywa, akatapika. Nikamvusha mwenyewe hadi Nyamisati, bara. Boti ilingoja maji yajae, naye kajifunika kikoi jua la saa sita, anapiga miayo, makamasi yanamchuruzika. Arosto hiyo, mwili unadai unga.

"Mjomba, mifupa inauma. Nirudishe."

Hospitali ya Muhimbili, Dar, walikuwa wameanza kutoa methadoni, dawa ya kuzuia arosto, Februari 2011, bure. Nikashukuru, kumbe nimeshukuru mapema. Dawa ile ilinywewa kila siku, dirishani, mhudumu akikutazama. Mtu wa Mafia angefika vipi kila asubuhi? Na mlevi wa pombe haimhusu kabisa.

Ikabaki soba hausi, nyumba ya kuachia ulevi. Unguja zilikuwapo tayari, nyingi zikiendeshwa na mateja walioacha, kwa hatua 12 walizozianzisha walevi wa Marekani, chama chao kikihesabu umri tangu 1935. Mgonjwa hulala humo miezi. Tulikompeleka sisi simu huachwa mlangoni, kupika ni kwa zamu, na jioni watu hukaa duara, kila mmoja ataje jina lake na kwamba yeye ni mraibu. Mpwa wangu siku ya kwanza alitaja jina tu.

Ada yenyewe ilikuwa hasa chakula na malazi, lakini mtu mzima hula kila siku. Dada yangu akauza nazi zikingali mtini, kwa bei ya mchuuzi. Mwezi wa nne minazi ikawa mitupu, kijana akarudishwa. Wiki mbili hazikupita, akaanza tena.

Siku hizi amepanga chumba Dar, karibu na kliniki ya methadoni, anakunywa dozi yake kila asubuhi. Mafia haji kulala. Idi iliyopita tulimfuata sisi, na kikapu cha nazi.